Wagonjwa wawili wa upasuaji nyumba moja, na jumuiya yote mlangoni

SWALI: Mama mkwe wangu ana miaka 71, ana kisukari na presha. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akawekewa nusu ya nyonga ya bandia. Leo ni siku ya 12. Shemeji yangu, fundi ujenzi, amefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena siku 5 zilizopita, akawekewa wavu wa kuimarisha pale palipolegea. Wote wako kwetu. Sisi ni Walutheri, na jumuiya inakuja kila jioni, watu kama 15, wanasali chumbani kwa mama hadi saa 3 usiku. Sasa tangu juzi mama usiku anaongea na marehemu baba mkwe, anavuta nguo zake, anasema tumemteka. Asubuhi ni mzima kabisa. Ndugu wengine wanasema ni mapepo na wameanza kumkemea. Mwingine anasema dawa za maumivu ni kukosa imani. Mama mwenyewe anataka afunge siku 3 za shukrani. Shemeji halali wala haamki, amejilaza tu. Mimi nimechoka. Tufanyeje? – Mkamwana, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuuguza, na kuuguza wawili si mchezo. Naanza na mama na usiku wake, kwa sababu hilo ni la leo. Mengine yanaweza kusubiri hadi kesho asubuhi.

Mzee aliyekuwa na akili zake timamu kabla ya kuanguka, halafu jua likizama anaona watu wasiokuwepo, anachezea shuka, anawakasirikia wanawe, kisha kukipambazuka anaomba chai kana kwamba hakuna lililotokea, hali yake ina jina hospitalini: deliriamu. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo chake kwa kawaida kiko mwilini, ubongo unalipa tu. Inawapata wazee wengi waliovunjika nyonga. Ina alama mbili za kuitambulisha: imeanza ghafla, na ndani ya siku moja inapanda na kushuka. Usahaulifu wa uzeeni hauji hivyo, unakuja kwa miezi na miaka. Na kumwona marehemu mumewe kusiwatishe. Ubongo uliochanganyikiwa huokota sura unazozijua zaidi, na nani anajulikana kuliko mtu aliyelala ubavuni mwako miaka yote ile?

Tafuteni chanzo. Sukari ipimwe saa ileile amechanganyikiwa, si asubuhi akiwa ametulia. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), na anameza vizuri, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe, mpimeni tena baada ya dakika 15. Ikishapanda ale kitu. Kama amelegea au hamezi, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kisha joto la mwili. Kisha mkojo: amekojoa lini, na kiasi gani? UTI kwa mzee inaweza isilete maumivu yoyote ya kukojoa ikaonekana kwa kuchanganyikiwa tu, hasa kwa mtu aliyewekewa mpira wa mkojo wodini. Choo kikubwa nacho: siku 4 bila choo zinaweza kumvuruga mzee. Maji pia, maana kina mama wengi wa umri huu huacha kunywa maji makusudi ili wasimsumbue mkamwana kuwapeleka chooni. Halafu angalieni mfuko wa dawa. Tramadoli (dawa kali ya maumivu), dawa za usingizi, na vile vidonge vya mafua vinavyosinzisha, vyote vinaweza kuvuruga akili ya mzee. Maumivu yasiyotulizwa yanafanya hivyohivyo. Na mwisho ni kukosa usingizi, ambako maombi ya mpaka saa 3 chumbani mwake yanaingia moja kwa moja.

Hata mkikisia chanzo wenyewe, apelekwe hospitali leo akaonwe. Kuchanganyikiwa kulikoanza juzi, siku ya 10 baada ya upasuaji, kunahitaji vipimo vya damu na mkojo na mtu wa kuangalia kidonda. Msingoje siku ya kutoa nyuzi.

Kuhusu kumkemea, nitasema bila kuzunguka: kwa mama huyu ni hatari. Mweke mbele yako mgonjwa ambaye tayari haamini yuko wapi, kisha mzunguke watu wanane, sauti juu, mikono kichwani, tochi ya simu usoni. Atajitetea. Akijitetea atajipinda kiunoni, atapiga teke, atataka kushuka kitandani, na nyonga ya siku 12 inaweza kuchomoka mahali pake. Anayetaka kumwombea, na amwombee, ila awe mmoja au wawili, wamekaa, kwa sauti ya chini. Wimbo wa zamani anaoujua tangu kipaimara unamtuliza mzee aliyechanganyikiwa kuliko hoja yoyote, kwa hiyo mwimbieni. Akisema baba yuko mlangoni, msibishane naye wala msimkubalie. Semeni tu: "Mama, uko nyumbani Morogoro, ni usiku, mimi ni mkamwana wako, niko hapa." Mvalisheni miwani yake, kama ana meno ya bandia yarudi mdomoni, taa hafifu iwake, saa ya ukutani aione. Msimfunge mikono. Mchana mapazia yawe wazi na akae kitini, asije akalala mchana kutwa na usiku akawa macho.

Kwa yule ndugu wa "dawa ni kukosa imani": mfalme Hezekia aliombewa na nabii, na nabii yuleyule akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Hakuona mgongano. Kanisa lenu wenyewe halijauona pia, maana hospitali ya Haydom kule Manyara ilifunguliwa na Walutheri mwaka 1955, na KCMC ya Moshi, iliyoanza 1971, nayo ina mkono wa makanisa. Lakini hoja inayonihusu mimi ni ya kitabibu. Mgonjwa mwenye maumivu hakohoi, kwa hiyo makohozi yanakaa mapafuni na nimonia inafuata. Hatembei, kwa hiyo damu inaganda miguuni. Halali, kwa hiyo anachanganyikiwa. Dawa ya maumivu kwake ni chombo cha kumwezesha kusimama.

Parasetamoli ndiyo msingi, na inafanya kazi ikitolewa kwa saa, haifanyi kazi vizuri ikingojewa hadi mgonjwa alie. Kwa mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na saa za Kiswahili zinawarahisishia: 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni, 6 usiku. Jumla isizidi vidonge 8 kwa siku. Kama mama ana uzito chini ya kilo 50 au ini lake lina tatizo, daktari apunguze. Mtego mkubwa uko dukani: kuna vidonge vya mchanganyiko ambavyo kimoja kina diklofenaki na parasetamoli pamoja, na mtu anavinywa juu ya parasetamoli yake bila kujua amezidisha. Someni maandishi madogo nyuma ya pakiti. Na diklofenaki yenyewe, pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni, mama asipewe mpaka daktari anayejua kisukari na presha yake aseme. Kwa umri wake inaumiza figo, inapandisha presha na kutoboa tumbo. Shemeji, kama hana vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, anaweza kuitumia siku chache aliyoandikiwa, baada ya chakula. Dozi ya parasetamoli ya saa 12 asubuhi itangulie kuoga na mazoezi kwa nusu saa hivi, hapo mama ataamka kitandani bila kupiga kelele.

Mfungo: hapana. Mama anaponya mfupa na ngozi, anakunywa dawa za sukari, na baadhi yake, kama glibenklamidi, huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Siku ya kwanza tu ya mfungo inaweza kumwangusha, kwa maana zote mbili. Mwombeni mchungaji wenu aje amwambie yeye mwenyewe, maana neno la mkamwana katika hili halitakuwa na uzito kama la mchungaji. Mkumbusheni pia binti Yairo: alipofufuliwa, agizo lililofuata lilikuwa apewe chakula (Marko 5:43). Shukrani ina sura nyingi, atoe sadaka, awalipie watoto wa jirani madaftari. Na wewe, mkamwana, usifunge kipindi hiki.

Sasa jambo ambalo, ukiacha usiku wa mama, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika nyumba yenu: wagonjwa wote wawili wamelazwa na huruma. Kwetu kumpenda mgonjwa ni kumwambia "pumzika, usiinuke, nitakuletea." Baada ya upasuaji upendo huo unaua. Misuli ya mzee inaisha kwa siku, si kwa miezi. Damu inaganda kwenye mguu usiotikisika, makohozi yanatuama, utumbo unalala, na ngozi ya makalio na visigino inaanza kuoza.

Mama anatakiwa kuwa kitini kwa kila mlo, yaani mara tatu kwa siku, na kutembea kwa fremu ya miguu minne mara nne au tano, hata kama ni hatua kumi kutoka kitandani hadi dirishani. Nusu nyonga ya bandia kwa kawaida inaruhusiwa kubeba uzito wote mara moja. Kama cheti chake kimeandika vingine, fuateni cheti. Fremu ina kimo chake: akisimama wima mikono imening'inia, vishikio viwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Mpangilio wa hatua ni fremu mbele, mguu uliopasuliwa unafuata, kisha mguu mzima. Kwenye kidato, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda na mguu mgonjwa ndio unaotangulia kushuka. Asiburute ndala; avae viatu vilivyofunga kisigino. Akiwa kitandani achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 20 kila saa, akaze msuli wa paja huku akihesabu hadi 5 mara 10, avute pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho. Hayo ya pumzi wape wajukuu wasimamie, wanapenda kuhesabu.

Nyonga yenyewe ina miiko, hasa kama daktari alipasua kwa upande wa nyuma wa nyonga: kwa wiki 6 hadi 12, mpaka kliniki iseme, asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, asigeuze kidole gumba cha mguu huo kuelekea ndani. Sheria hizo tatu ukizipeleka kwenye nyumba ya Kitanzania zinagusa mambo mengi. Kigoda cha jikoni, marufuku. Sofa laini linalozama, marufuku. Kuokota kitu sakafuni, kufunga kamba za viatu, kupiga magoti kusali, vyote vikae pembeni. Pimeni urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, ongezeni upana wa vidole vinne: hicho ndicho kimo cha chini cha kiti chochote atakachokalia, na kitanda pia. Kitanda kifupi kinainuliwa kwa tofali chini ya kila mguu, mkihakikisha hakichezi. Akilala chali au kwa ubavu mzima, mto uwe katikati ya mapaja.

Choo cha kuchuchumaa kinaweza kuchomoa nyonga, kwa hiyo kisahauni. Mwiteni fundi seremala atengeneze kiti cha mbao chenye mikono, kiti kiwe kama sentimita 50 kutoka chini, tundu katikati, kikae juu ya shimo la choo au juu ya ndoo chumbani. Siku mbili tatu kikisubiriwa, kiti cha plastiki chenye mikono kilichotobolewa kitasaidia, ila kipachikeni juu ya kingine kilichotobolewa vilevile: viwili vinakuwa imara na vinapanda kidogo. Kiwe kimeegemea ukuta, juu ya sakafu kavu. Kiti cha plastiki juu ya vigae vilivyolowa hufungua miguu ghafla, na mtu aliyekwisha kuteleza bafuni mara moja hahitaji mara ya pili.

Kumpeleka hospitali leo: bajaji haifai, inamkunja magoti hadi kifuani. Tafuteni gari, kiti cha mbele kisukumwe nyuma kabisa na kilazwe kidogo. Anakaa kwanza, makalio ndani, kisha miguu yote miwili inaingizwa pamoja kama mlango unavyofungwa.

Kagueni ngozi kila mnapomwogesha: visigino, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga ya upande mzima. Wekundu, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyokolea rangi na yenye joto, ambayo haififii ukiibonyeza kwa kidole, ni kidonda cha kulala kinachoanza. Visigino viinuliwe kwa kanga iliyokunjwa chini ya vigimbi. Akilala muda mrefu ageuzwe kila saa 2.

Kidonda. Baada ya saa 48 za kwanza, mshono uliofunga vizuri unaweza kupitiwa na maji safi na sabuni ya kawaida, kisha ukaushwe kwa kugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Asiketi ndani ya beseni. Nyuzi za nyonga hutolewa karibu siku ya 14. Msipake spiriti, msipake asali, na ile tabia ya kufungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyizia unga kidondoni iacheni kabisa: haiui vijidudu vya ndani na inaacha uchafu juu. Mafuta ya upako yapakwe kwenye paji la uso. Yakobo 5:14 haitaji kidonda popote. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji, na hilo liwe sheria kwa mchungaji na kwa mjukuu.

Kama mama aliandikiwa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, hesabuni siku. Baada ya upasuaji wa nyonga dawa hizo kwa kawaida huendelea siku 28 hadi 35, na watu huziacha zikiisha zile walizopewa wodini, wakidhani wamemaliza.

Shemeji ana kazi ndogo zaidi, na ndiye anayedeka. Siku ya 5 baada ya ngiri alitakiwa awe anazunguka uani na kuoga mwenyewe. Aamke kwa kugeukia ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono, badala ya kujikunja kama anayetoka usingizini. Akikohoa au kucheka abonyeze kinena kwa kiganja. Uvimbe na weusi kwenye korodani siku hizi za mwanzo si ajabu, unateremka kwa uzito wake wenyewe. Nguo ya ndani inayobana inamsaidia. Kidonda kiko mahali pasipokufaa wewe kuangalia, kwa hiyo mumeo au kijana mwingine wa kiume achukue kazi hiyo rasmi, isije ikawa kila mtu anadhani mwenzake ameangalia.

Mzigo ndio unaomharibia. Kwa wiki 4 hadi 6 asinyanyue zaidi ya kilo 5, na kwa vipimo vya nyumbani hiyo ni dumu la maji la lita 5. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na huo asiuguse kabla ya wiki 6 kutimia na daktari kumwona. Kovu, hata likionekana limefunga, wiki ya 3 lina kama sehemu ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, na miezi 3 ikifika ndipo linakaribia asilimia 80. Ngozi ya juu inadanganya. Wavu unasaidia, lakini nao lazima ushikwe na nyama inayoota katikati yake. Kama ni mwanakwaya, arudi kuimba pale kuimba kusikomuuma. Kubeba spika za kwaya ni habari nyingine. Kujikamua chooni nako ni kunyanyua mzigo, kwa hiyo choo chake kiwe laini.

Hapo tunaingia jikoni. Ugali wa dona badala ya sembe, papai, parachichi, mchicha, maharage, na maji glasi 8 kwa siku kama hakuna aliyekatazwa maji kwa sababu ya moyo au figo. Siku 3 zikipita bila choo, ombeni dawa ya kulainisha. Lakini kinachopungua zaidi kwa wagonjwa wetu ni protini. Tunawanywesha uji mwembamba na supu, kisha tunashangaa kidonda kinasuasua. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji kama gramu 70 hadi 90 za protini kwa siku, isipokuwa figo zikiwa na tatizo. Yai moja lina 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha kuku au samaki cha gramu 100 kama 25. Kwa hiyo mayai mawili asubuhi, maharage mchana, samaki au dagaa jioni, maziwa mara mbili, na mmefika. Uji ukipikwa uwe mzito, wenye maziwa na karanga zilizosagwa. Supu ya makongoro ni tamu na inatia joto, lakini haiungi mfupa kwa njia ya pekee kama inavyosifiwa. Mgonjwa ale nyama, asiishie mchuzi. Juisi za boksi, soda na glukosi za wageni zisimfikie mama. Tungependa sukari yake isivuke 10, maana damu yenye sukari nyingi ni shamba la vijidudu vya kidonda.

Jumuiya sasa. Watu 15 wanaokuja kila jioni ni utajiri, ila mnautumia vibaya. Mwombeni mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya ajulishe mwenyewe, lisitoke kinywani mwako: ibada ifanyike sebuleni au uani, saa 11 jioni, dakika 30, na chumbani waingie wawili wawili kwa dakika 10, wasio na mafua wala kikohozi, mikono imeoshwa, bila kukaa kitandani. Saa 2 usiku nyumba iwe kimya. Kisha daftari. Mtu mmoja wa jumuiya ashike daftari la zamu: nani anachota maji Jumatatu, nani anafua mashuka Jumatano, nani ana gari la kwenda kliniki, nani analeta trei ya mayai badala ya kreti ya soda, nani anakaa na mama saa 4 hadi 7 mchana wewe ulale. Watu wengi huja kusali tu kwa sababu hakuna aliyewapa ndoo. Mikono ya Musa ilishikwa na wawili, mmoja kila upande (Kutoka 17:12), na alikuwa na jiwe la kukalia.

Zamu za usiku ni lazima zigawanywe, na mume wako na mawifi zako wamo. Pendekezo langu: kila anayeuguza apate angalau usiku mmoja kati ya miwili wa kulala saa 6 mfululizo, mbali na chumba cha mgonjwa. Asiyelala ndiye anayerudia dozi aliyokwisha kuitoa. Bandikeni karatasi ukutani yenye saa za dawa, na anayetoa dawa aweke alama papo hapo, hata kama ni kwa mkaa.

Safari ya hospitali isingoje asubuhi mkiona lolote kati ya haya. Kwa wote wawili: joto la 38 au zaidi, kidonda kinachotoa usaha au kilichoanza kulowa upya baada ya kukauka, wekundu unaotambaa, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata. Kwa mama, maumivu makali ya ghafla nyongani na mguu kuonekana mfupi au umegeuka: asisimamishwe, msimnyooshe, abebwe alivyo. Kwa shemeji, kushindwa kukojoa, kutapika huku tumbo likijaa na hewa haitoki, au korodani inayokua kwa saa badala ya kupungua.

Jambo la mwisho mliulize kliniki, maana mara nyingi hakuna anayelitaja. Mtu wa miaka 71 aliyeteleza kwa miguu yake mwenyewe akavunjika nyonga ana uwezekano mkubwa wa mifupa kuwa myepesi, na mifupa hiyo ina dawa. Muulizeni daktari kuhusu kalsiamu, vitamini D na dawa za kuimarisha mifupa, na apime presha ya mama akiwa amelala kisha amesimama, huenda dawa za presha ndizo zilizomtia kizunguzungu bafuni. Wakati huohuo mkeka ulio mlangoni mwa chumba chake uviringishwe leo, waya wa feni upitishwe ukutani, na fundi apigilie bomba la kushikia bafuni, usawa wa kiuno chake.